Wageni Wakiingia Kihambani: Nani Anaamua Matumizi ya Ardhi ya Kijiji?

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Materuni hadi Marangu, zipo familia ambazo kahawa yao huwaingizia fedha mara mbili. Mara ya kwanza ni pale inapopelekwa chama cha msingi. Mara ya pili ni pale mgeni anapolipa ili aoneshwe safari ya buni kutoka tawini hadi kikombeni. Hupewa mchi akatwanga kwenye kinu mpaka maganda yaachie, akapepeta kwa ungo, akakaanga chunguni juu ya mafiga huku wenyeji wakimwimbia ili mapigo yake yasilegee. Kisha hukaa chini ya migomba akanywa alichokitengeneza mwenyewe. Hakuna aliyebadilisha chochote shambani. Migomba ipo, mibuni ipo, ng'ombe yuko zizini, na mfongo, yaani mfereji wa jadi, unaendelea kupitisha maji pembeni.

Halafu mgeni mmoja anauliza kama kuna pa kulala. Mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, anawaza vyumba viwili. Ndugu yake aliyeko mjini anamwambia viwili havilipi, ajenge kumi. Muda si mrefu anatokea mtu mwenye gari zuri, anayesema eneo lote lingefaa kuwa loji, na kwamba yuko tayari kulipa leo. Kwa macho ya kawaida hayo yote ni utalii. Kwa macho ya sheria za ardhi za Tanzania Bara, ni mambo manne tofauti, na kila moja lina mwamuzi wake.

Ugumu unaanza hapa: hatuna sheria moja inayoitwa ya utalii wa shambani. Italia wanayo, ile ya mwaka 2006 iliyochukua nafasi ya sheria ya 1985. Inasema wazi kwamba anayeruhusiwa kupokea wageni ni mkulima mwenyewe, kwamba kilimo kibaki kuwa kazi kuu, na kwamba majengo yanayotumika yawe yale yaliyokuwepo tayari shambani. Kwetu jibu linapatikana kwa kuunganisha Sheria ya Ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Sheria ya Mazingira, Sheria ya Utalii, na mara nyingine hata ya Wanyamapori. Mkulima hana muda wa kuzisoma zote, na mwekezaji huwa na wakili aliyezisoma. Kuna pengo kubwa hapo, na ndilo linalonifanya niandike.

Tuanze na msingi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria mbili za mwaka 1999, Na. 4 ya Ardhi na Na. 5 ya Ardhi ya Vijiji, ziliigawa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Hesabu inayotajwa siku zote ni kwamba ardhi ya vijiji ni takriban asilimia 70 ya nchi, na huko ndiko yaliko mashamba mengi tunayoyazungumzia. Anayeisimamia ni halmashauri ya kijiji, lakini sheria imeiweka kama mdhamini anayeshika mali ya wengine. Haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, haujakubali.

Kihamba cha ukoo kinaingia humo kama ardhi inayokaliwa na familia. Wengi hudhani kwamba bila karatasi hawana haki. Si kweli. Haki ya kimila inatambuliwa hata kabla ya hati, na sheria inaipa hadhi sawa na ile haki inayotolewa na serikali kwenye ardhi ya jumla. Hati ya hakimiliki ya kimila, ile inayopitia masijala ya ardhi ya kijiji na kusainiwa na mwenyekiti, mtendaji na afisa ardhi wa wilaya, ni ushahidi wa haki hiyo. Ukiwa nayo unalala vizuri zaidi, na siku ya ugomvi hutaanza kutafuta wazee wa kukutolea ushahidi.

Lakini kumiliki ni jambo moja, na kutumia ni jambo lingine. Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa. Mtu anasema, "Shamba ni langu, babu yangu kazikwa pale, nani wa kunizuia?" Kweli shamba ni lake. Hata hivyo kijiji kina mamlaka ya kupanga eneo lipi liwe la makazi, lipi la kilimo, lipi la malisho, lipi la msitu na vyanzo vya maji. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007, huandaliwa na wanakijiji wakisaidiwa na wataalamu wa wilaya na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, kisha hupitishwa na mkutano mkuu. Ukishatungiwa sheria ndogo na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, unamfunga kila mtu, mwenye hati na asiye nayo.

Sasa kama mpango unasema "kilimo", kupokea wageni ni kuuvunja? Sheria haikuchora mstari kwa maneno, kwa hiyo natoa maoni yangu, nayo yanatokana na jinsi maofisa wengi wa ardhi wanavyolitazama jambo hili. Jiulize: wageni wakiacha kuja kesho, hapa patabaki nini? Kama patabaki shamba lilelile, matumizi hayajabadilika. Kutembeza watu kwenye mibuni, kuwapikia ndizi, kuwauzia kahawa na asali, hata kuwapa chumba ndani ya nyumba unayoishi, bado ni kilimo na makazi vyenye biashara juu yake. Lakini kama mibuni imeng'olewa, zege limemwagwa, kuna nyumba kumi na maegesho ya magari, basi wageni wakiondoka panabaki majengo. Hayo ni matumizi mengine, na yanahitaji ridhaa ya aliyepanga matumizi, yaani kijiji, kabla ya tofali la kwanza.

Vijiji vingi bado havina mpango uliokamilika. Usidhani kwamba hilo linampa mtu uhuru. Pale pasipo na mpango, uamuzi unabaki kwenye busara za halmashauri ya kijiji ya wakati huo, na halmashauri hubadilika kila uchaguzi. Kilichoruhusiwa kwa mdomo na mwenyekiti wa jana kinaweza kupingwa na wa leo. Mtu anayetaka kujenga vyumba vya wageni kwenye kijiji kisicho na mpango angefanya vyema kuomba kibali kwa maandishi, jambo lake lijadiliwe kikaoni, na apewe nakala ya muhtasari.

Vibali vya biashara yenyewe nitavipitia haraka, kwa sababu haviamui hatima ya ardhi ingawa vinaweza kukufungia mlango. Leseni ya biashara na usajili wa kodi ni vya kila mtu. Kampuni inayobeba na kuongoza watalii inahitaji leseni ya wakala wa utalii, ile maarufu kwa jina la TALA, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Anayekaanga kahawa na kuifunga kwenye pakiti za kuuza awaone Bodi ya Kahawa pale Moshi. Vikundi vya vijiji vina njia nyepesi kidogo kupitia mpango wa utalii wa kitamaduni ulioanza katikati ya miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa shirika la Kiholanzi la SNV na Bodi ya Utalii, ukaanzia maeneo kama Ng'iresi, Longido na Mto wa Mbu. Amri ya mwaka 2025 chini ya Sheria ya Leseni za Biashara imewakataza wasio raia kufanya kazi ya kuongoza watalii, na pia kununua mazao shambani. Kwa mkulima anayepokea wageni, makatazo hayo mawili yana faida ya wazi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inahitaji kuelezwa zaidi kidogo. Inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile zinazoweza kuharibu eneo hilo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufuko wa bahari. Vivutio vingi vya mashambani viko kando ya maji: maporomoko, mito ya baridi, ufuko wa ziwa. Mwenye shamba huwa na hamu ya kujenga pale pale penye mandhari, na maofisa wa mazingira wakija huanza kupima kutoka kwenye maji. Mradi mkubwa wa malazi unatakiwa pia kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Kwenye Kilimanjaro kuna mpaka mwingine wa kuuangalia: msitu wa mlima, ukiwemo ule ukanda wa nusu maili ambao vijiji vilizoea kukata majani na kuni, uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Njia ya kutembeza wageni inayovuka mpaka huo imetoka kwenye mamlaka ya kijiji, na mgeni anadaiwa kiingilio cha hifadhi.

Tuje kwa yule mwenye gari zuri.

Akiwa Mtanzania, anaweza kuomba ardhi kijijini hata kama si mzaliwa wa pale, au anaweza kukodi kutoka kwa mwenye haki ya kimila. Upangaji wa namna hiyo unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na kadiri eneo linavyokuwa kubwa na muda unavyokuwa mrefu, ndivyo idhini inavyopanda ngazi hadi mkutano mkuu, na hata Kamishna wa Ardhi kuhusishwa. Mkataba uliosainiwa sebuleni kati ya watu wawili na shahidi mmoja, bila kijiji kujua, ni kaburi la fedha za mpangaji na ni chanzo cha kesi kwa mwenye shamba.

Akiwa si raia, au kampuni yake ina wenye hisa wengi wasio raia, hawezi kumilikishwa ardhi kwa njia ya kawaida. Sheria ya Ardhi inamruhusu kuipata kwa ajili ya uwekezaji tu, kupitia taasisi ya uwekezaji ya serikali. Kwa miaka mingi ilikuwa TIC, na tangu mwaka 2025 kazi hiyo imehamia TISEZA. Taasisi ndiyo inayoshika hati, na mwekezaji anapewa haki iliyo chini yake kwa muda maalumu. Ili taasisi ishike hati, ardhi lazima iwe ya jumla. Na ili ardhi ya kijiji iwe ya jumla, lazima ihamishwe.

Uhawilishaji huo una utaratibu wake. Eneo likiwa hekta 250 au chini ya hapo, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hekta 250, mkutano mkuu unatoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua. Fidia, kiasi chake na muda wa kuilipa lazima vikubaliwe kabla ya ardhi kuhama. Mpaka hapo utaratibu unaonekana wa haki, na kwenye karatasi ni wa haki.

Lakini kuna kifungu ambacho sijawahi kusikia kikisomwa kwenye mikutano ya vijiji, na ningependa kisomwe kila mara. Muda wa mwekezaji asiye raia ukiisha, au haki yake ikifutwa, ardhi hairudi kijijini. Sheria ya Ardhi inasema inarudi kwenye taasisi ya uwekezaji au mamlaka nyingine ambayo Waziri ataitaja. Mwanakijiji aliyenyoosha mkono akidhani wanakodisha kwa miaka 33 au 66, halafu wajukuu watalirudia shamba, amedanganyika, na mara nyingi hakuna aliyemdanganya kwa makusudi. Neno "kukodisha" limetumika mkutanoni ilhali kilichofanyika ni kutoa. Kwa shamba la kahawa lenye makaburi ya ukoo, tofauti hiyo haina fidia.

Ndiyo maana nausisitiza sana muhtasari wa mkutano mkuu. Ukifika kwenye ofisi ya kijiji utakuta ni daftari au karatasi chache zilizochapwa: tarehe, ajenda, waliohudhuria, yaliyojadiliwa, azimio, sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji, na mhuri. Nyuma yake hubanwa orodha ya mahudhurio yenye majina na sahihi au dole gumba. Karatasi hiyo ndiyo inayosafiri hadi wilayani na wizarani. Hakuna ofisa wa Dodoma atakayekuja kuuliza kama kweli bibi fulani alinyoosha mkono. Malalamiko yanayosikika vijijini kila mara ni yaleyale: orodha ya mahudhurio ya mkutano wa maji imebanwa kwenye muhtasari wa ardhi, ajenda ilitangazwa asubuhi ya siku hiyohiyo, ukubwa wa eneo uliachwa wazi ukajazwa baadaye. Ekari zikiandikwa kwa tarakimu tu bila maneno, sifuri moja inatosha kumeza kitongoji.

Mfano wa jinsi ardhi ya kilimo inavyoweza kugeuka eneo la utalii kupitia hati ni shamba la Sukenya, Loliondo, wilayani Ngorongoro. Katikati ya miaka ya 1980 takriban ekari 10,000 zilitengwa kwa ajili ya kampuni ya bia kulima shayiri. Kilimo hicho kiligusa sehemu ndogo tu, kikaachwa. Wafugaji wa Kimaasai waliendelea kupitisha na kulisha mifugo yao kama walivyofanya tangu zamani. Mwaka 2006 haki ya umiliki ikauzwa kwa kampuni ya utalii, na eneo likawa la hifadhi binafsi na kambi ya wageni. Watu waliokuwa wanachunga pale walijikuta wanaitwa wavamizi, na mgogoro ukafika Mahakama Kuu Arusha. Kila upande una hoja zake. Mimi natazama mwanzo wake: hati iliyotolewa kwa ajili ya zao moja iliendelea kuishi baada ya zao lenyewe kufa, ikauzika, na aliyeinunua hakuwa na nia ya kulima. Kijiji kinapopewa ombi la ardhi "kwa ajili ya kilimo", kinapaswa kuuliza nini kitatokea kilimo kikiachwa.

Kuna pia njia ya pili ya kupoteza ardhi ya kijiji, nayo haina mwekezaji wala mkutano wa makelele. Kijiji kilicho pembezoni mwa mji kinaweza kutangazwa kuwa eneo la mipango miji. Baada ya hapo mashamba yanapimwa viwanja, na mabadiliko ya matumizi yanaombwa halmashauri ya wilaya au ya mji, tangazo linabandikwa, majirani wanapewa muda wa kupinga, na hatimaye mamlaka za juu zinaidhinisha. Wenye vihamba vilivyo karibu na Moshi au mashamba ya ndizi pembeni mwa Arusha wawe macho na matangazo hayo, kwa sababu aliyesoma tangazo baada ya siku kupita hana pa kupeleka pingamizi lake.

Je, inawezekana kupata utalii bila kutoa ardhi? Inawezekana, na mifano ipo. Kijiji cha Terrat, Simanjiro, katikati ya miaka ya 2000 kilikubaliana na kampuni kadhaa za utalii kwamba uwanda wake, ambao nyumbu na pundamilia wa Tarangire huuhamia kipindi cha mvua, usilimwe wala kujengwa makazi ya kudumu. Mifugo iliruhusiwa kuendelea kulisha. Kampuni zililipa kijiji kila mwaka. Ardhi haikuhama, hati haikutolewa kwa mtu, na sheria ndogo ndiyo iliyolinda makubaliano. Kwa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, mwaka 2011 ilitolewa hati ya kimila ya pamoja, yaani jamii nzima inashika hati moja badala ya kila mtu na kipande chake. Kazi hiyo ilisaidiwa na shirika la UCRT, na Edward Loure wa shirika hilo alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kuiendeleza. Jamii yenye hati ya pamoja ikiingia mkataba na kampuni ya utalii, inaingia ikiwa mwenye nyumba.

Njia inayojulikana zaidi ni Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, WMA, zinazosimamiwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009. Vijiji kadhaa vinatenga sehemu ya ardhi yao, vinaunda jumuiya, na jumuiya inaingia mikataba na wawekezaji wa kambi na loji. Burunge, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, na Enduimet, kaskazini magharibi mwa Kilimanjaro, ni mifano. Ardhi inabaki ya kijiji kisheria, na hilo ni jema. Lakini mkulima aelewe kwamba eneo likishatangazwa, mpango wake wa usimamizi unaweza kuzuia kulima na hata kulisha kwenye kanda fulani, mapato hugawanywa kwa kanuni za wizara, na kutoka si rahisi kama kuingia. Sioni ubaya wa kijiji kujiunga. Naona ubaya wa kijiji kujiunga kabla ya kuweka kwenye ramani mashamba ya miaka 20 ijayo, maana watoto waliozaliwa leo nao watahitaji pa kulima.

Kwa nyanda za kahawa na migomba, mfano ulio karibu zaidi ni wa ushirika. KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, kiliwahi kuendesha mradi wa Kahawa Shamba uliopokea wageni kwenye mashamba ya wanachama. Na Shimbwe Juu, kijiji cha mlimani, kilitambuliwa na FAO mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia kwa sababu ya mfumo wa kihamba wenyewe: miti mirefu juu, migomba katikati, kahawa chini yake, na mboga na majani ya mifugo kwenye udongo. Kinachomvuta mgeni pale ni huo mpangilio. Ukifyekwa ili wageni wajengewe vyumba, hakuna kitakachobaki cha kuwaonesha. Kwa hiyo sharti la "kilimo kibaki" lina faida ya kibiashara kabla hata halijawa la kisheria.

Ndani ya familia kuna jambo ambalo huachwa hadi linapolipuka. Mila ya Wachaga humpa kitinda mimba wa kiume kihamba cha nyumbani, na mabinti wengi wamekulia wakiambiwa hawana sehemu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata na kutumia ardhi. Mume hawezi kuigeuza ardhi ya familia kuwa hoteli au kuipangisha kana kwamba mkewe hayupo. Halmashauri ya kijiji, kabla ya kuidhinisha, inapaswa kuangalia kama mwanamke anapoteza riziki kwa uamuzi huo. Na kwenye utalii wa kahawa, anayetwanga, anayepika na anayeimba mara nyingi ni mama. Jina lake liwepo kwenye hati na kwenye mkataba.

Msomaji wa Zanzibar asichukue haya akayapeleka Kizimbani. Visiwa vina sheria zao, ikiwemo ile ya umiliki wa ardhi ya mwaka 1992. Eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa kwa ajili ya kilimo, na mwenye eka hana uhuru wa kuzigeuza atakavyo. Miti inaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye ardhi, na mkarafuu haukatwi bila kibali. Msomaji wa Kenya naye yuko kwenye mfumo wa umiliki binafsi zaidi: shughuli ya kuuza au kukodisha ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, kubadilisha matumizi huombwa serikali ya kaunti chini ya sheria ya mwaka 2019, na asiye raia hapati zaidi ya miaka 99 ya kukodi. Pale Maasai Mara wenye mashamba wameungana na kukodisha vipande vyao kwa kampuni za utalii huku hati zikibaki mikononi mwao, jambo ambalo vijiji vyetu vinaweza kulitazama kwa makini.

Kama kijiji chako kimeletewa ombi la loji au kambi ya mahema, mambo haya yaandikwe kwenye mkataba na kwenye muhtasari kabla ya mhuri: ukubwa wa eneo kwa tarakimu na kwa maneno, na mipaka inayotajwa kwa mito, barabara na majina ya majirani, muda, na kwamba ukiisha ardhi inarudi kwa nani, majengo yatakuwa ya nani siku hiyo, nini kitatokea mwekezaji akiuza kampuni yake kwa mwingine, maana hapo ndipo kijiji huamka na kukuta mpangaji asiyemjua, njia za mifugo, maji ya mfongo na makaburi kubaki wazi kwa wenyewe, na malipo kuingia kwenye akaunti ya kijiji, yakisomwa kwenye mkutano mkuu ambao kisheria huitishwa angalau kila miezi mitatu. Mwanasheria wa halmashauri ya wilaya anapaswa kuuona mkataba, na kijiji kina haki ya kumleta mwanasheria wake au kuomba msaada wa mashirika ya haki za ardhi.

Ugomvi ukizuka, kituo cha kwanza ni baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Wasipopatana, shauri linapita kwenye baraza la kata ambalo nalo sasa husuluhisha tu, kisha baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Pale wilayani swali la kwanza litakuwa ni karatasi ipi unayo, kwa hiyo nakala ya muhtasari iombwe siku ileile mkutano unapokwisha, wakati mtendaji bado yuko mezani na mhuri wake.